Mfupa wa Ishango na hesabu za kale za Kivu

Wanaosimulia historia ya hesabu huanzia Babeli na Misri. Kwa sisi wa Bukavu kuna pa kuanzia karibu zaidi: Ishango, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya Mbuga ya Virunga.

Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba hapo. Chini ya majivu ya volkeno alikuta mabaki ya kambi ya wavuvi: chusa za mfupa, mifupa ya samaki, mawe ya kusagia. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa mwembamba wa sentimita 10 hivi, umechomekwa kijiwe kigumu kwenye ncha, na ubavuni umechanjwa mistari mingi midogo. Vipimo vya baadaye vimeupa umri wa miaka 20,000 hivi. Maandishi ya kwanza ya Mesopotamia hayajafikisha hata miaka 6,000.

Mistari hiyo imepangwa kwa mafungu, katika safu tatu. Safu moja ina 11, 21, 19 na 9, yaani kumi ongeza moja, ishirini ongeza moja, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja. Nyingine ina 11, 13, 17 na 19. Kila moja kati ya hizo mbili inajumlisha 60. Ya tatu ina 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7, jumla 48.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu: kuzidisha kwa mbili, kugawa kwa mbili, na namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Mmarekani Alexander Marshack aliitazama mistari kwa hadubini akaona kalenda ya mwezi, kwa kuwa miandamo miwili hutimiza siku 59 hivi, karibu na ile jumla ya 60. Wengine wanasema ni michanjo ya kuushika mfupa usiteleze mkononi.

Mimi sikubali kirahisi habari ya namba tasa. Kuzitambua kunadai kwanza mtu ajue kugawanya, na hakuna kingine pale Ishango kinachoonyesha ujuzi huo. Hata hoja kwamba elimu hii ilishuka na maji hadi Misri, kwa kuwa Semliki huingia Ziwa Albert na kuendelea katika Nile, naiona nzuri kuliko ilivyo thabiti. Ni kweli Wamisri walizidisha kwa kurudufu, na mafunjo aliyonakili mwandishi Ahmes yanaonyesha hivyo wazi. Lakini kati yake na Ishango kuna zaidi ya miaka 15,000.

Linalonigusa halihitaji dhana hizo. Kuna mtu, kando ya Ziwa Edward, aliyechanja mistari, akaacha nafasi, akaanza fungu jipya. Mstari mmoja kwa kitu kimoja, na nafasi ya kutenga fungu na fungu: Wamisri waliandika moja hadi tisa kwa vijiti vilevile, na Warumi wakaanza na I, II, III. Tarakimu za India, pamoja na sifuri, zilikuja baadaye sana.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia. Naamini mahali pake ni Kongo, na suala hilo halipaswi kunyamaziwa. Lakini somo halina haja ya kusubiri. Seremala wa Kadutu, hapa Bukavu, anaweza kuchonga nakala ya mti kwa asubuhi moja. Hata bila nakala, mwalimu wa darasa la tano anaweza kuandika ubaoni 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, akawaachia wanafunzi wabishane. Jozi tatu za kwanza watazipata upesi. Ile 5 na 7 ya mwisho imewashinda hata wataalamu.