Familia ya Mmisionari na Desemba ya Kegonga

Familia inayojiandaa kuhamia Kegonga kwa kazi ya injili huanza na orodha: vyandarua, dawa, mtungi wa gesi, vitabu vya shule vya watoto, kibali cha kazi. Kibali chenyewe, kwa mgeni asiye raia, ni cha daraja la I, linalotolewa kwa shughuli za dini na za hisani. Sina ugomvi na orodha hizo. Malaria ya kanda ya ziwa haina mzaha. Ndiyo maana chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo ilipoletwa Magharibi mwa Kenya, Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Ila kuna swali ambalo ni nadra kulikuta kwenye orodha yoyote: watoto wenu watakuwa wapi Desemba?

Kegonga ni makao makuu ya Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori, kwenye eneo la Abanyabasi. Hao ni mojawapo ya koo nne kubwa za Wakuria wa Kenya, pamoja na Abairege, Abagumbe na Abakira. Vijarida vya mashirika hupenda kuziita jamii kama hii za mbali na zilizojificha. Kegonga haijajificha. Iko jirani na mpaka wa Tanzania, ndugu wa upande huu wana ng'ombe na wakwe upande wa pili, Kiswahili kinasikika sokoni kutwa, na tumbaku ya Wakuria imekuwa ikiingia viwandani kwa miongo mingi. Msabato anayefika akiwa na fundisho la kukataa tumbaku atakuta tumbaku hiyohiyo ndiyo iliyolipa karo ya nusu ya darasa. Tangu mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yamekuwa yakiwahimiza wakulima wa Migori wahamie maharagwe yenye madini ya chuma. Mhubiri atakayeijua bei ya maharagwe hayo atasikilizwa kuliko yule anayejua aya peke yake.

Tuwaangalie waliotangulia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alitia nanga Mombasa mwaka 1844 akiwa amejiandaa kuliko wengi. Alikuwa ameishi Ethiopia miaka kadhaa, Kiarabu alikijua, na mkononi alikuwa na barua ya Seyyid Said wa Unguja ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai mkewe, Rosine, akafa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto naye akamfuata siku chache baadaye. Barua ya Sultani iliwafungulia mlango wa pwani, lakini haikuwa na dawa ya homa.

Upande wetu wa ziwa, Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alivuka Ghuba ya Winam Novemba 1906 akapanda kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Hakuwa na mke. Alikuja na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, Malawi ya leo. Mchumba wake, Helen, alifuata mwaka 1907 wakaoana. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, lakini mwambaoni mwa ziwa malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu, kwa hiyo mwanamume kutangulia hakukuwa ubabe bali hesabu. Carscallen akajifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, na baadaye mashine ya chapa ikasimikwa Gendia.

Nyambo anastahili zaidi ya mstari mmoja anaoachiwa katika historia nyingi za kanisa. Alikuwa amesoma Uingereza, na mwaka 1914 alisafiri tena hadi London akiwa na malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia ya kumfikishia Mfalme George wa Tano. Misheni ya Nyanza Kusini, basi, haikuwa kazi ya Wazungu peke yao hata siku ya kwanza. Siku hizi ndiyo kabisa: mmisionari anaweza kutoka Brazil au Korea, na anaweza kutoka Nairobi au Kisii. Huyu wa humu nchini ndiye ninayemwogopea zaidi, kwa sababu hudhani hahitaji maandalizi.

Lakini kuwepo hakutoshi. Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, majeshi ya Wajerumani yalipoingia Kisii na Waingereza wakaondoka mjini kwa muda, vituo vya misheni viliporwa, cha Wakatoliki wa Nyabururu na cha Wasabato wa Nyanchwa. Nyabururu kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, Nyanchwa miwili. Walioingia ndani wakabeba vitu hawakuwa askari wa Kijerumani. Walikuwa majirani. Wanahistoria wana sababu nyingi za tukio hilo, nyingi zikihusu utawala wa kikoloni na adhabu zake, na misheni ilihesabiwa upande wa serikali. Mimi naona pia hesabu ya majira: miaka miwili au mitatu nyuma ya ua haijatosha kumfanya mtu awe wa kijiji.

Wazo hilo ndilo walilolishikilia Thomas na Elizabeth Brewster, Wamarekani walioandika mwaka 1976 mwongozo wa kujifunza lugha uliotumiwa sana na wamisionari. Walishauri mgeni aingie moja kwa moja katika nyumba ya wenyeji tangu siku ya kwanza, na mzigo wa kilo 20 tu, kabla hajazoea kukimbilia kwa wageni wenzake. Africa Inland Mission nayo ina mpango wa timu zinazokaa miaka miwili kijijini, lugha ikiwa sehemu kubwa ya kazi. Ni mafunzo mazuri. Ukiwa na watoto watatu, kilo 20 ni utani, lakini shabaha inabaki ileile.

Lugha ya Wakuria, Igikuria, humdanganya anayejua Kiswahili. Ngeli za Igikuria anazitambua, maneno mengi yanafanana, akadhani miezi sita inatosha. Kisha anakutana na toni. Katika kitenzi cha Igikuria, toni ya juu huanzia mahali tofauti kutegemea wakati wa tendo: mara mwanzo wa shina, mara mbele zaidi, hata kufikia mora (kipimo cha urefu wa silabi) ya nne. Wanaisimu, miongoni mwao Chacha Mwita, wameifanyia utafiti mrefu. Mtu mzima huihesabu vidoleni. Mtoto wa miaka saba huiokota mtoni na kwenye uwanja wa mpira, na baada ya mwaka anamsahihisha baba yake mbele ya wageni.

Hapo ndipo familia inapomzidi mhubiri asiye na mke. Watoto huiingiza nyumba nzima katika ujirani. Huitwa kula, wanapigana, wanapatana, mama zao wanajuana. Nyumba ikihitaji kukandikwa udongo, majirani huja kwa irisaga, kazi ya pamoja, na desturi ya zamani ni kwamba kazi hiyo ina pombe yake. Msabato atalazimika kutafuta chai na nyama za kutosha kuziba pengo. Kwa njia hiyo hiyo watoto wake wanakuwa na marika. Na marika wa Kikuria wana esaro.

Esaro ni msimu wa tohara, na huangukia zaidi likizo ya mwisho wa mwaka. Hauji kila mwaka. Baraza la wazee wa ukoo, inchama, ndilo linaloufungua. Vijana hupita barabarani na kundi linaloimba, jamaa hutoa zawadi, na mvulana anarudi akiwa mtu mwingine. Mvulana wa mmisionari mwenye miaka 12 atawapoteza rafiki zake kwa mwezi mzima na kuwapata tena wakiwa juu yake. Kwa familia ya mchungaji Mjaluo anayehamishwa kutoka Homa Bay, jambo hili ni zito zaidi, maana Wajaluo hawakuwa na mila ya tohara. Kampeni ya serikali ya tohara ya hospitali, iliyoanza Nyanza mwaka 2008, imepunguza pengo hilo, lakini kliniki haitoi rika.

Kwa wasichana si suala la kukosa sherehe. Wakuria bado ni miongoni mwa jamii za Kenya ambamo ukeketaji umeenea sana. Sheria ya mwaka 2011 inaupiga marufuku, na pia inamfanya mkosaji yule ajuaye kwamba msichana atakeketwa asitoe taarifa. Kwa hiyo mama mmisionari anayeambiwa na binti yake kwamba rafiki yake amepangiwa wiki ijayo hana nafasi ya kusema hayamhusu. Anayeripotiwa ni jirani aliyemkandikia nyumba.

Makanisa yaliyolivamia jambo hili bila maandalizi yaliumia. Mwaka 1929 misheni za Wapresbiteri na Africa Inland ziliwataka waumini wa Gikuyu waukane ukeketaji kwa kiapo. Watu wakahama makanisa kwa wingi na kuanzisha shule zao. Huko Masanga, Tarime, upande wa Tanzania, njia ni nyingine: kituo cha Wakatoliki hupokea wasichana wanaokimbia msimu unapofika, huwafundisha, kisha mazungumzo na wazazi hufanyika kabla ya kuwarudisha.

Ndiyo maana nashauri familia ifike Januari, si Novemba, na kabla ya kukodi lori iulize kanisa mwenyeji mambo ya wazi. Je, wazee wametangaza msimu mwaka huu? Msichana akibisha mlango saa tano usiku, atalala kwetu au kwa nani, na nani atampigia chifu? Mzee wa kanisa mwenyewe, binti zake walipitaje? Swali la mwisho ni gumu, na halifai kuulizwa wiki ya kwanza na mtu asiyejua hata kusalimu kwa Igikuria. Miezi kumi na moja inatosha kulifikia.