Nicodemus, Kijiji cha Walioachwa Huru

Nicodemus ni kijiji cha kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Hakina meya wala baraza la mji, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14 tu. Kiliasisiwa mwaka 1877 na watu weusi waliokuwa watumwa miaka kumi na mitano tu kabla ya hapo, au watoto wao.

Wengi hudhani jina lilitoka katika Injili ya Yohana, kwa yule Nikodemo aliyemwendea Yesu usiku. Maelezo yenye nguvu zaidi ni mengine. Mwaka 1864 Henry Clay Work, mtunzi aliyepinga utumwa, alitoa wimbo kuhusu mtumwa mzee aitwaye Nicodemus, mzaliwa wa Afrika, aliyeomba aamshwe kaburini siku ya ukombozi itakapofika. Vipeperushi vya kuwaita walowezi Kansas vilibeba beti zilizotoholewa kutoka wimbo huo, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba waanzilishi walikuwa na Nicodemus mwingine akilini.

Waliowaongoza waanzilishi hao walikuwa mchungaji mweusi W. H. Smith na W. R. Hill, mzungu aliyekuwa akiuza viwanja. Waliwafuata watu wa Kentucky, ambako uhuru ulikuwa umekuja bila ardhi na vitisho vya wazungu havikuisha. Ahadi ilikuwa ardhi ya mtu mwenyewe, na ahadi hiyo ilitosha kuwaondoa mamia.

Walichokikuta ni mbuga tupu ya nyasi, karibu haina mti. Kwa kukosa mbao, walichimba nyumba ardhini. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus inaonekana, yeye hakuona kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini: hizo ndizo nyumba za watu. Mama huyo akaangua kilio. Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa ya njaa kali, na baadhi ya familia ziliokolewa na nyama waliyogawiwa na Waosage, wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni.

Waliobaki walilima. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 kulikuwa na maduka, makanisa, shule, hoteli, na baadaye magazeti mawili. Edward McCabe, mkazi wa Nicodemus, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima, cheo kikubwa mno kwa mtu mweusi wa enzi hiyo.

Kilichokiangusha kijiji ni reli. Mwaka 1888 njia ya treni ilipita kusini, ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakaifuata hadi mji mpya wa Bogue. Ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 vikawaondoa wengi wa waliosalia, na posta ikafungwa mwaka 1953.

Tangu 1996 Nicodemus ni eneo la kihistoria la taifa, lenye majengo matano yanayohifadhiwa, miongoni mwao makanisa mawili na shule. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hurudi kutoka miji ya mbali kwa sherehe za ukombozi. Zamani sherehe hizo ziliangukia tarehe 1 Agosti, siku ambayo sheria ya Uingereza ya kufuta utumwa katika visiwa vya Karibiani ilianza kazi mwaka 1834.