Mtoto wa Bluu Hahitaji Kuongezwa Damu

Swali ni lile lile kila mara: mtoto akilia midomo na kucha zinageuka bluu, tumpe nini cha kuongeza damu? Msimpe chochote cha kuongeza damu. Mwenye tetralojia ya Fallot, kasoro ya kuzaliwa inayoongoza kwa kuwageuza watoto bluu baada ya uchanga, kwa kawaida damu anayo, tena imezidi. Njia ya kwenda mapafuni imebana, na ukuta wa vyumba vya chini vya moyo una tundu, hivyo damu isiyo na oksijeni huvukia upande wa pili na kusambaa mwilini bila kupita mapafuni. Mwili unajitetea kwa kuzalisha chembe nyekundu zaidi. Himoglobini hufika hata gramu 18 kwa desilita, na damu huwa nzito kiasi cha kuweza kuganda ndani ya mishipa ya ubongo. Juisi ya bitiruti inatibu nini hapo? Haizibi tundu wala haipanui njia iliyobana.

Mtasema alipokunywa alitulia. Kubanwa huko huja na kuondoka. Mtoto mwenyewe huchuchumaa katikati ya mchezo, kwa sababu kuchuchumaa hubana mishipa ya miguu, shinikizo mwilini likapanda na damu nyingi zaidi ikaelekea mapafuni. Sifa ya magoti inapewa juisi! Mtasema pia kwamba daktari fulani aliandika madini chuma. Ni kweli watoto hawa wanaweza kupungukiwa chuma hata himoglobini ikiwa juu, lakini hilo huonekana maabara na dozi hufuatiliwa, haikisiwi jikoni. Tena damu ikipungua kweli, bluu hujificha, maana huonekana pale tu himoglobini isiyobeba oksijeni inapofika kama gramu 5 kwa desilita. Midomo inaonekana salama, mtoto yumo hatarini.

Kwa hiyo tazameni ulimi na ufizi, ombeni kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kisha eko ya moyo. Akibanwa, mkunjeni magoti hadi kifuani, mtulizeni, wahini hospitali. Akiharisha, asikaukiwe maji. Tiba ni upasuaji: tundu huzibwa kwa kiraka na njia hupanuliwa, vema kabla ya kutimiza mwaka, aliye dhaifu hutangulia kuwekewa mrija wa kupeleka damu mapafuni, mbinu iliyoanzia Baltimore mwaka 1944. Dar es Salaam, watoto hupasuliwa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kichanga aliyegeuka bluu siku za mwanzo huenda mishipa yake mikuu imepishana, na hiyo hurekebishwa ndani ya wiki chache za kwanza. Huyo mpelekeni leo.