Timu ya Afya Isiyokaa Chumba Kimoja

Mjamzito akishikwa na kifafa cha mimba usiku katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kule kusini mwa wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, muuguzi wa zahanati hana daktari wa upasuaji wa kumwita chumba cha pili. Ana simu. Anapiga 115, namba isiyotozwa ya mfumo wa m-mama, na mratibu aliye mbali naye anamuuliza maswali yaliyopangwa ndani ya programu: mimba ina miezi mingapi, presha iko ngapi, damu inatoka, ameshapewa dawa gani. Majibu ndiyo yanayoamua kama mama apewe rufaa, aende kituo gani na kwa usafiri upi. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo humtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa.

Muuguzi, mratibu, dereva na wataalamu wa kituo kinachopokea rufaa wamefanya kazi moja bila kuonana. Nyuma yao yuko msanidi wa programu ambaye huenda hajawahi kufika Kigoma. Hivi ndivyo ofisi ya teknolojia ya afya ilivyo hapa kwetu: watu wametawanyika, wanatofautiana elimu, lugha, jinsia na cheo, na kinachowaunganisha ni mtandao. Kampuni changa zinazoingia kwenye fani hii, ziwe za Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya, aghalabu huuchukulia utofauti wa wafanyakazi kama jambo la kupendezesha ripoti. Mimi naliona ni suala la usalama wa mgonjwa, na kwa hiyo linatakiwa kupangwa kwa umakini uleule tunaoutumia kupanga dozi.

Tuanze na cheo. Kigoma ina historia ya kugawana majukumu ya kitabibu. Kuanzia mwaka 2006, kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies na usimamizi wa World Lung Foundation, kisha Thamini Uhai, vituo vya afya vya vijijini viliwezeshwa kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Madaktari wasaidizi walifundishwa kupasua, wauguzi wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Kazi iliyosubiri bingwa wa hospitali kubwa ikafanywa na watu wa kada za chini, karibu na nyumbani kwa mama.

Lakini kumpa mtu jukumu bila kumpa sauti ni kumwacha nusu njia. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na muuguzi kijana akisikia daktari kwenye simu ametaja kipimo cha dawa kisichoeleweka, ulimi huwa mzito. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali miaka ya 1990. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akagundua kuwa huko watu hawakuogopa kusema, ilhali kwingine makosa yalifichwa. Kwenye simu hatari hiyo huongezeka, kwa sababu anayesita kusema haonekani usoni.

Dawa yake ni utaratibu ulioandikwa, wala si hotuba ya kuwatia watu moyo. Anayepokea agizo alirudie kwa sauti: jina la dawa, kipimo, njia ya kuitoa. Anayetoa agizo athibitishe. Katika kikao cha kupitia kesi, mwenye cheo cha chini azungumze kwanza, kabla ya bosi hajaonyesha msimamo wake. Na kila uamuzi uandikwe mahali ambapo hata aliyekatikiwa na mtandao ataukuta baadaye. Kuhoji kukiwa kanuni ya kazi, hakuonekani tena kuwa utovu wa adabu.

Jambo la pili ni saa, na mwambaoni lina uzito wake. Tanzania iko mbele ya Burundi na mashariki ya Kongo kwa saa moja. Katika vijiji vya mpakani simu inaweza kunasa mnara wa Burundi, na saa yake ikarudi nyuma yenyewe. Ongeza desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia macheo. Ujumbe usemao “kikao saa 8” msanidi anayetumia saa za kompyuta atausoma asubuhi, mhudumu wa kijiji cha Mwamgongo atausoma mchana. Kikao kikipotea kitarudiwa, ila dozi ya dawa ya kifafa cha mimba ikiandikwa kwa saa yenye utata, anayepokea zamu anaweza kuirudia mapema au kuichelewesha. Timu ichague mtindo mmoja, iutaje wazi (“saa 2:00 asubuhi, saa za Tanzania”), na programu ikatae kuhifadhi saa isiyo kamili.

Kisha kuna swali la nani anaweza kuhudhuria. Asubuhi, jua linapochomoza Kibirizi na Katonga, wanawake wengi wako mwaloni wakianika dagaa walioingia usiku. Ukiitisha mafunzo ya mtandaoni wakati huo, umewaondoa kabla hawajajibu mwaliko. Baadaye ripoti itasema wanawake hawakushiriki, kana kwamba walikataa. Mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 na Dk. Philip Mpango, Makamu wa Rais wa wakati huo na mzaliwa wa Buhigwe hapahapa Kigoma, ulilikwepa kosa hilo kwa kuingiza usawa kwenye muundo wenyewe: wahudumu wawili kila kitongoji, mwanamke na mwanamume.

Lugha nayo ni kifaa cha tiba. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji cha mpakani, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kwenda Kigoma mjini. Mhudumu anayejua Kiha huelewana na Mrundi bila mkalimani, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, inahitaji pia Kibembe na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Mtu mwenye lugha hizo ana utaalamu, na utaalamu hulipwa. Kampuni inayomlipa vizuri msanidi wa programu, kisha ikamtaka mkalimani ajitolee, imeshaonyesha inamthamini nani. Ndivyo ilivyo kwa bando: mfanyakazi wa mbali asinunue intaneti ya kazi kwa fedha yake ya mboga.

Sheria yetu haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU na mingine, na inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mfanyakazi kukaa nyumbani Ujiji badala ya ofisini Dar hakumwondolei haki hizi, na ujumbe wa WhatsApp unaotumwa usiku wa manane kwa mtu asiye zamu unamwibia mapumziko yake.

Kwa hiyo, kijana wa Kigoma unayeomba kazi kwenye kampuni ya namna hii, uliza kabla ya kusaini: vikao ni saa ngapi na kwa lugha gani, nani analipia bando, na mfanyakazi wa chini aliyemsahihisha mkubwa wake alifanywa nini. Nawe mwajiri, usisubiri kuulizwa. Andika majibu hayo leo, uwasomee wafanyakazi wako wote, kisha uyafuate. Mama wa mwambaoni anategemea kwamba mtu wa chini kabisa katika timu yako atathubutu kusema “subiri, hapo pana kosa.”