Nyumba ya Watoto Waliotolewa Majahazini

Askari polisi wa doria mjini Mbale akimkuta usiku mtoto asiye na mwenyewe katika kituo cha mabasi, au mwanajeshi aliyetoka kambi ya Jinja kwenda vitani akimtoa mtoto mikononi mwa waasi, kazi ya nguvu huishia hapo. Linalobaki ni swali la nyumba. Mtoto huyo atalala wapi, na nani atamlea hata awe mtu mzima?

Swali hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Liliwakabili wanamaji wa Uingereza katika bahari ya Unguja karne ya 19, na jibu lililopatikana wakati ule lingali likionekana kwa macho: ni magofu ya Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar.

Siku zile manowari za Kiingereza ziliyafukuza majahazi yaliyochukua watumwa. Haikuwa kazi nyepesi. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Lakini jahazi likikamatwa, ndani walikutwa watoto waliotekwa bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Kuwarudisha haikuwezekana. Makwao kulikuwa mbali mamia ya maili, vijiji vingine vilikwisha teketezwa, na njia ya kurudia ilikuwa ile ile ya misafara ya watumwa. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, wavulana watano wa namna hiyo. Huo ndio mwanzo.

Wavulana waliwekwa Kiungani. Kwa ajili ya wasichana, misheni ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, na ilipofika 1874 Shule ya Mtakatifu Maria ilikuwa imesimama karibu na ufuo, pamoja na kanisa lake dogo.

Ujenzi ulikuwa wa pwani. Mawe ya matumbawe yaliunganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma mawe ya aina hiyo hiyo juu ya rundo la magogo. Kuta zilifanywa nene, maana tumbawe ni jiwe jepesi lisilo na nguvu nyingi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hatua nne hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Unguja ni virefu na vyembamba. Chumba cha namna hiyo chafaa sana kuwa bweni. Vitanda hupangwa kwa safu, na mlezi mmoja akisimama mlangoni huwaona wote. Askari aliyelala kambini hahitaji kuchorewa picha.

Mwaka 1877 aliwasili mwalimu Caroline Thackeray, akaiongoza shule hiyo hadi 1902. Hakurudi kwao; alifariki Unguja mwaka 1926. Miaka 25 chini ya mlezi mmoja ni jambo lenye uzito kuliko mawe yote ya Mbweni, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuuzwa mkono kwa mkono huhitaji kumwona mtu yule yule kila asubuhi.

Hata hivyo haifai kuisifu nyumba hiyo kupita kiasi. Wasichana waligawanywa: walioonekana wepesi wa kusoma waliandaliwa kuwa walimu, wengine wakapewa kushona, kufua na kulima. Walipokea dini mpya na majina mapya, na wengi waliozwa vijana wa Kiungani chini ya uangalizi wa misheni. Waliokombolewa hawakuulizwa sana wanataka nini.

Wala ukombozi wenyewe haukuwa na dhamana. Mwaka 1876 Askofu Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiunguja, aliongoza kundi la watu wazima waliokombolewa kutoka Mbweni hadi Masasi, akitumaini kuwasogeza karibu na makwao. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia kijiji hicho, wakateka baadhi ya watu wake. Manowari zilizokamata majahazi hazikuweza kufika huko bara.

Uganda nayo imelipitia swali hilo. Watoto waliotolewa mikononi mwa waasi wa Joseph Kony walipitia kitengo cha jeshi cha kulinda watoto mjini Gulu, kisha wakakabidhiwa vituo kama GUSCO, kilichoanzishwa mwaka 1994. Kazi kubwa ya vituo hivyo ilikuwa kuwatafuta jamaa za mtoto na kumrudisha kwao. Mbweni ilimlea mtoto kana kwamba kwao hakupo tena. Gulu ilianza kwa kuuliza kwao ni wapi. Ndiyo maana jina la mtoto, la kijiji na la mzazi, likiandikwa na askari wa kwanza kumpokea, lina thamani kuliko blanketi.

Shule ya Mbweni iliondoka pale mwaka 1920. Nyumba ya matumbawe huishi kwa paa lake: mvua ikipenya, boriti huoza, sakafu ya juu huanguka, na chokaa huoshwa ukutani kidogo kidogo. Ndivyo ilivyokuwa. Zimebaki kuta zisizo na dari, na kanisa dogo la wasichana lililo wazi juu. Kanisa la Mtakatifu Yohane, walilojengewa wanakijiji waliokombolewa, limesimama karibu na hapo, na paa lake lipo.