Joka, ngamia na mchawi: Hivi si vitabu vya hadithi

Unajifunza kuandika programu pale Umoja au Kayole. Kazi inagoma, unamuuliza jamaa aliyekutangulia. Anakujibu bila kuinua macho: "Soma ngamia." Unaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua, kisha unabaki na swali lako. Wengi hukwama hapo, si kwa ugumu wa kompyuta bali kwa aibu ya kuuliza.

Tuliza boli. Ngamia ni kitabu cha lugha ya Perl kilichotoka 1991. Kampuni ya O'Reilly huweka picha za wanyama kwenye majalada, na hiki kikapata ngamia. Joka ni kitabu cha Aho, Sethi na Ullman cha 1986 kuhusu kompaila, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine. Jaladani shujaa anapigana na joka. Mchawi ni cha Abelson na Sussman wa MIT, cha 1985. Na K&R? Hao ni Kernighan na Ritchie, walioandika kitabu cha lugha ya C mwaka 1978.

Ukifikiria, tabia hii tunaijua sana. Eastlando ndiko Sheng ilikokomaa. Kaloleni ni Ololo, shilingi 20 ni mbao, 50 ni finje. Shuleni, kitabu cha Kenya Literature Bureau ni KLB tu. Hata karatasi ya kuibia mtihani ilibandikwa jina mwakenya, kutoka vuguvugu la siri la miaka ya 1980. Kitu unachokitaja kila siku, jina refu linachosha.

Lakini jina la utani hukata pande mbili. Kwa mwenyeji ni njia ya mkato, kwa mgeni ni geti lililofungwa. Mgeni akiitishwa finje na makanga, anababaika. Wewe ukiambiwa "soma joka", umekuwa mgeni huyo.

Kwa hivyo uliza: "Ngamia ni kitabu gani?" Haikugharimu kitu. Mchawi kinasomwa bure mtandaoni. Vingine, jaribu bahati kwa wauzaji wa inama bookshop, wanaopanga vitabu chini kando ya barabara. Ila usiwaambie unataka joka, utapewa hadithi za watoto. Taja mwandishi.

Na siku anayekufuata akikuuliza, mpe jina kamili.