Reale ya Fedha Yenye Sura ya Malkia

Aliye na sarafu ya shilingi mia na aitoe. Upande mmoja mna sura ya Mwalimu Nyerere, na upande wa pili mna swala. Leo tutazungumza juu ya sarafu yenye sura ya mwanamke.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria tangu mwaka 1740 hata alipokufa mwaka 1780. Pwani yetu sarafu yake iliitwa reale. Ilikuwa ya fedha, uzito wake gramu 28. Wafanyabiashara wa Unguja waliipokea katika biashara ya pembe za ndovu na karafuu, mpaka rupia zilipoishinda. Huko Oman ilitumika hata karibu na mwaka 1970.

Jambo la ajabu ni tarehe. Malkia alikwisha kufa, lakini reale ziliendelea kupigwa, na kila moja iliandikwa 1780. Kwa nini? Watu walikwisha kuizoea. Wengi hawakujua kusoma, basi walihesabu lulu katika pambo la begani mwa malkia, kama mnunuzi wa mpunga wa hapa anavyosugua punje kiganjani kabla ya kutaja bei. Mwaka 1918 Waitalia walipiga sarafu ya kufanana nayo kwa ajili ya Eritrea. Watu hawakuitaka.

Ukingoni mna maneno ya Kilatini, maana yake "Haki na Huruma". Desturi hiyo ni kongwe. Warumi wa kale waliweka wake wa makaisari upande mmoja wa sarafu, na upande wa pili sifa njema, kama Haki au Mapatano, katika umbo la mwanamke. Kaisari Antoninus Pius, alipofiwa na mkewe Faustina, alipiga sarafu nyingi za fedha zenye sura yake.

Lakini maneno ya ukingoni yalikuwa na kazi nyingine, nami naona ndiyo kubwa zaidi: mwizi akikwangua fedha pembeni, herufi hukatika, wizi ukaonekana.

Masonara waliyeyusha reale wakafua bangili. Basi tufanye hesabu. Katika kila sehemu 1,000 za reale, 833 ni fedha safi. Bangili za reale 5 zina gramu ngapi za fedha safi? Ukipata 116 na kitu, umepata.